Jua na Mvua Pia ni Mambo ya Chama

Wafanyakazi wenzetu,

Mtatusamehe. Safari hii hatuanzi na habari za mishahara wala za kadi za uanachama. Tumeamua kuandika juu ya jua na mvua. Tulipolitoa shauri hili katika mkutano wa tawi letu hapa Kobero, baadhi ya wenzetu walicheka. Mzee mmoja wa ghalani alisimama akasema, "Nyinyi viongozi, chama kimekuwa redio ya kutangaza hali ya hewa?" Mkutano mzima ukaangua kicheko, na sisi tukacheka pamoja nao. Lakini baada ya mkutano tulikaa chini tukaanza kuhesabu siku ambazo wapakiaji wetu walirudi nyumbani mikono mitupu. Tuligundua kwamba siku zilizopotea kwa sababu ya mvua na barabara kukatika ni nyingi kuliko siku zote zilizopotea kwa ugomvi wetu na matajiri.

Hapo kicheko kilikwisha. Mpakiaji wa Kobero halipwi kwa mwezi, hulipwa kwa gunia. Lori lisipofika, hakuna gunia. Likifika mvua ikiwa inanyesha, mwenye saruji hataki mali yake ilowe, turubai halifunguliwi, na sisi tunajibanza chini ya mapaa ya maduka tukingoja. Twaweza kungoja tangu asubuhi mpaka jua kuchwa. Jioni tajiri anafunga ghala lake, dereva analala ndani ya lori lake, na sisi tunarudi kwa watoto bila hata fedha ya chumvi. Ukiuliza nani katudhulumu, utaambiwa hakuna, ni mvua tu. Na mvua huwezi kuishtaki kwa mkaguzi wa kazi.

Basi neno letu ni hili. Hali ya hewa imebadilika na inazidi kubadilika, na hasara yake inatupwa juu ya mgongo wa mtu wa mwisho, yaani yule abebaye gunia. Tena hata hatua za kupunguza mabadiliko hayo, ambazo hazina budi kuchukuliwa, tusipokuwa macho zitatupwa juu ya mgongo huo huo. Kwa hiyo jambo hili si la wataalamu peke yao. Ni letu.

KOBERO NI MLANGO

Kwa wenzetu ambao hawajafika huku, Kobero ni mpaka wa Burundi na Tanzania. Tuko Muyinga, ambayo tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza. Ng'ambo yetu ni Kabanga, wilaya ya Ngara. Mali inayoshushwa bandarini Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, ikafika Kabanga, ikavuka kwetu, kisha ikapanda Muyinga na Karuzi mpaka Gitega, au ikaelekea Ngozi na Bujumbura. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Saruji, mbolea, mabati, chumvi na mafuta hupita hapa. Na kahawa yetu hushuka kwa njia hiyo hiyo kwenda baharini.

Kwa sababu hiyo, sisi hatuumizwi na mvua ya Kobero peke yake. Daraja likivunjika Morogoro, chungu cha mpakiaji wa Kobero hakipandi motoni. Jambo hili tuliliona kwa macho yetu mwaka 2024. Tarehe 25 Aprili mwaka huo, Waziri Mkuu wa Tanzania aliliambia Bunge kwamba mvua kubwa na mafuriko vimeua watu 155 na kuathiri watu wapatao 200,000, na kwamba barabara, madaraja na reli vimeharibika. Mwezi huo huo Serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada kwa ajili ya watu zaidi ya 200,000 walioathiriwa upande wetu tangu Septemba 2023. Ziwa Tanganyika lilikuwa limeingia ndani ya nyumba za watu Gatumba na katika vitongoji vya Bujumbura.

Hatusemi kwamba kila mvua kubwa ni jambo jipya. Mvua za mwaka ule zilihusishwa na El Niño, ambayo ilikuwako hata zamani za mababu zetu. Lakini wataalamu wameeleza, na maelezo yao hata sisi wa shule ya msingi tunayafahamu, kwamba hewa yenye joto zaidi hubeba maji mengi zaidi. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba karibu asilimia 7 zaidi ya mvuke. Mzigo ukizidi juu, utashuka kwa kishindo. Hilo mpakiaji hana haja ya kufundishwa.

Na kuna upande wa pili wa sarafu, nao ni ukame. Sisi wa kaskazini ya Burundi, yaani Kirundo na Muyinga, tunaujua. Mwaka 2000, na tena 2004 hadi 2005, mvua zilikosekana, maharage yakakauka shambani, na njaa ikawatoa watu makwao. Walioweza kutembea walivuka kwenda kutafuta kibarua Tanzania na Rwanda. Baadhi yetu tulikuwa vijana wakati ule, na tunakumbuka njia ilivyojaa watu wenye majembe begani na watoto mgongoni. Siku hizi mkulima hana tena hakika ya mwezi wa kupanda. Anaipokea mvua ya Septemba, anatupa mbegu, kisha mbingu inafunga wiki tatu na mbegu inaoza au inaliwa na ndege. Akikosa mbegu anakuja hapa mpakani kutafuta gunia la kubeba. Tukiwa 40 mahali palipokuwa pa watu 15, tajiri anashusha bei ya gunia. Ndivyo ukame unavyopunguza ujira wa mtu asiye hata na shamba.

Lazima tuseme ukweli wote. Si kila taabu imetoka mbinguni. Mashamba yetu ni madogo, watu ni wengi, udongo umechoka, na milima mingi imeachwa bila mti. Lakini mgonjwa aliyekwisha kudhoofika ndiye anayeangushwa na homa ndogo.

JOTO HILI LIMETOKA WAPI

Dereva yeyote anajua kwamba lori lililofunikwa turubai na kuachwa juani hupata moto ndani kuliko nje. Dunia nayo imefunikwa turubai la namna hiyo. Moshi wa makaa ya mawe, wa petroli na dizeli, wa gesi na wa misitu inayochomwa, umeongeza hewa ya ukaa angani. Kabla viwanda vikubwa havijaanza Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, kiasi cha nyuzi 1.5 juu ya joto la zamani za kabla ya viwanda.

Nani amelifuma turubai hili? Si mpakiaji wa Kobero. Nchi zilizojitajirisha kwa viwanda kwa miaka zaidi ya 150 ndizo zilizofuma sehemu kubwa yake. Afrika nzima hutoa asilimia chache tu ya moshi wa dunia kwa mwaka, na Mrundi mmoja mmoja ni miongoni mwa watu wanaotoa moshi kidogo kuliko wote duniani. Hili ni jambo la haki, na ni lazima tuendelee kulisema kila mahali. Aliyekula nyama asitulipishe sisi mifupa.

Hata hivyo, wapo wanaotumia ukweli huo kama mto wa kulalia. Wanasema, "Sisi hatukuchafua, basi tukae." Hayo si mawazo ya mfanyakazi. Nyumba ya jirani ikishika moto huulizi kwanza nani aliyewasha kiberiti wakati cheche zinaanguka juu ya nyasi za paa lako. Utamdai baadaye, lakini maji utachota sasa.

MWILI WA MPAKIAJI

Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hukutana na joto la kupita kiasi kazini kila mwaka. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2019, lilikuwa limekadiria kwamba ifikapo 2030 joto litapoteza saa za kazi zinazolingana na kazi za kutwa za watu milioni 80. Hayo ni mahesabu ya dunia. Sisi tutoe ya Kobero.

Gunia la kahawa lina kilo 60. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya uzito wa mizigo, na pendekezo lililofuatana nao lilisema mwanamume mtu mzima asibebeshwe mara kwa mara zaidi ya kilo 55. Hivyo gunia letu limekwisha kuzidi kabla hata jua halijachomoza. Sasa mwongezee mtu huyo jua la saa saba mchana, ubao wa kupandia lori unaounguza nyayo, na ghala la mabati lisilo na dirisha. Mwongezee na kiu, kwa sababu bomba liko mbali na maji ya chupa bei yake ni ujira wa magunia kadhaa. Tumeshuhudia mwenzetu, mtu wa nguvu na asiye mlevi, akianguka na gunia shingoni mchana wa Agosti. Alipoinuka jambo la kwanza aliloulizwa halikuwa habari ya afya yake. Aliulizwa kama gunia limepasuka.

Kuna na malaria. Zamani wazee wa milimani waliitambua malaria kama ugonjwa wa mabondeni na wa ziwani. Mwaka 2000 na 2001 ililipuka hata juu milimani, Karuzi, Ngozi, Kayanza, na wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Machi 2017 Wizara ya Afya iliitangaza tena kuwa janga la nchi. Sababu ni nyingi: vita, umaskini, mashamba ya mpunga mabondeni. Lakini na joto limo, maana mbu na kijidudu chake huzaliana upesi zaidi penye joto. Kwa mtu wa mshahara, malaria ni karatasi ya daktari. Kwa kibarua, ni wiki moja bila chakula, kisha deni dukani.

UGOMVI WETU JUU YA MKAA

Sasa tuje kwenye jambo lililotugawa. Katika mkutano ule mwenzetu mmoja alitoa shauri kwamba wanachama wote wakatae kupakia magunia ya mkaa yanayokwenda Muyinga na Gitega. Alisema, "Tunalia mvua, na huku tunabeba misitu kwa shingo zetu wenyewe." Mwingine akamjibu kwa hasira, "Mke wangu anauza mkaa. Ukikataa gunia lake, njoo ulishe watoto wake." Palichafuka. Tulilazimika kuahirisha kikao.

Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana jambo hili ni gumu. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Maana yake gunia la mkaa la kilo 50 limemeza kilo 250 mpaka 500 za mti. Majirani zetu wa Ngara wanajua mwisho wa mambo hayo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja tu, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaweka kambi Benaco. Watu wale hawakuwa na kosa, kwani mtu hapiki kwa mawe. Lakini vilima vya jirani viliachwa uchi, na wanawake ikawalazimu kwenda mbali zaidi kila wiki kutafuta kuni. Hata kwetu, misitu iliyopandwa kwa juhudi kubwa miaka ya 1980 iliteketea kwa sehemu kubwa katika vita vilivyoanza Oktoba 1993.

Uamuzi wetu, baada ya vikao vitatu, ni huu. Hatutakataa gunia la mkaa la mama maskini. Kumnyima yeye hakuoti mti hata mmoja, kutamfanya apite njia ya panya usiku. Tutaanza na jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kuunda jiko la bati lenye udongo wa kufinyangwa ndani, lile lililokuja kujulikana nchi nyingi. Jiko hilo hupunguza mkaa kwa theluthi moja mpaka nusu. Lilitengenezwa na mafundi wa nyundo na bati kama hawa wetu wa soko la Muyinga. Familia ikipika chakula kile kile kwa nusu ya mkaa, imebakiza miti na imebakiza fedha. Tawi letu limekwisha kuanza kuchanga, kila wiki kidogo, ili kila mwanachama apate jiko moja kwa zamu, kama tunavyofanya katika upatu. Fundi tuliyempata ni kijana wa hapa hapa. Hivyo hata fedha yenyewe haivuki mpaka.

Wenzetu wa Gitega wana jambo la namna hiyo. Tangu mji wao ulipofanywa mji mkuu wa siasa mwaka 2019, ujenzi umeongezeka, na tofali la kuchoma linataka kuni. Tunawaomba wachomaji wa matofali na wajenzi walio katika vyama walizungumze wao wenyewe, kabla hawajazungumziwa na watu wengine.

MALORI NA RELI

Wapo watakaosema: mbona mnataja mkaa wa akina mama na malori hamyataji? Tunayataja. Lori kubwa likisimama na injini inaunguruma hunywa kama lita 3 za dizeli kwa saa. Tufanye hesabu ya shule. Malori 20 katika foleni, saa 5, ni lita 300 zilizochomwa bila kusogeza hata kilo moja ya mzigo. Kila lita ya dizeli hutoa zaidi ya kilo 2.5 za hewa ya ukaa, na moshi wake mweusi tunauvuta sisi tunaofanya kazi kati ya malori, pamoja na watoto wanaouza karanga. Haya yanatendeka katika nchi ambayo katika miaka hii ya 2020 tumeona watu wakilala kwenye vituo vya mafuta. Kuzima injini hakuhitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Kunahitaji foleni yenye utaratibu, namba mkononi, na karatasi zinazokwenda haraka. Dereva akijua zamu yake ni saa nane, ataizima injini yake mwenyewe, kwa kuwa hata yeye hapendi kuunguza mafuta.

Lakini jambo kubwa zaidi linakuja, nalo ni reli. Tanzania ilizindua rasmi treni yake ya umeme toka Dar es Salaam mpaka Dodoma tarehe 1 Agosti 2024. Na Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli kutoka Uvinza mpaka Musongati, kilomita 282, ambayo nia yake ni kuunganisha Burundi na bahari. Treni hubeba tani nyingi kwa moshi mchache kuliko malori. Kwa anga, hiyo ni habari njema. Kwa nchi yetu pia, maana bei ya mizigo inaweza kupungua.

Na kwa Kobero? Reli hiyo haipiti Kobero. Gunia litakaloshushwa Musongati halitashushwa hapa. Sisi hatuipingi reli. Mfanyakazi anayepinga reli ili abaki na mzigo shingoni anaipenda minyororo yake. Tunachosema ni kwamba watu waulizwe kabla behewa la kwanza halijafika. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, ambao Burundi nayo imeuridhia, umetaja katika utangulizi wake kwamba mageuzi haya yawe ya haki kwa wafanyakazi na yalete kazi zenye staha. Maneno hayo hayakuanguka humo yenyewe. Vyama vya wafanyakazi vya dunia viliyapigania. Sasa tunataka maneno yale yashuke kutoka Paris mpaka Kobero: vijana wetu wafundishwe kazi za reli, za umeme na za maghala, na umri wa mtu usiwe sababu ya kumtupa.

Umeme wa jua tayari uko karibu nasi. Oktoba 2021 kilizinduliwa kituo cha Mubuga, huko Gitega, chenye nguvu ya megawati 7.5. Jua lile lile linalotuangusha na magunia ndilo linalowasha taa huko. Hatuoni kwa nini lisivute maji ya kunywa hapa mpakani.

TUNAYODAI

Tumeyaandika ili kila mwanachama ayajue na asiyasahau mbele ya tajiri:

1. Ujira wa kungoja. Kibarua aliyeitwa asubuhi na mvua ikazuia kazi alipwe sehemu ya siku yake. Aliyemwita ndiye alipe.

2. Maji ya kunywa na kivuli katika kila ghala na kila uwanja wa malori.

3. Katika miezi ya jua kali kazi nzito ianze alfajiri, isimame saa sita, iendelee saa tisa.

4. Gunia lisizidi kilo 50. Likizidi, libebwe na watu wawili au mkokoteni, na bei ibaki ile ile.

5. Foleni ya malori iwe na namba, na injini zizimwe.

6. Vyama vya wafanyakazi viwe na kiti mezani inapozungumzwa reli, na inapozungumzwa fedha za hali ya hewa. Mwaka 2022, huko Misri, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu. Hasara ya siku ya mvua ya mpakiaji ni hasara, hata kama haionekani ikipigwa picha kutoka kwenye ndege.

Madai haya si ya ajabu. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka afya na usalama kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Sheria ya kazi ya Burundi ya mwaka 1993 nayo ilifanyiwa marekebisho Novemba 2020. Sheria ikiweza kurekebishwa, mkataba wa ghala moja hauwezi kushindikana.

TUTAKAYOYAFANYA WENYEWE

Anayedai bila kutenda husikilizwa mara moja tu. Tangu 2018 nchi imekuwa na mpango wa upandaji miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, na Jumamosi tunatoka kwenye kazi za pamoja. Ni vizuri. Lakini tuulizane kwa uaminifu: katika miche tuliyopanda mwaka juzi, mingapi iko hai? Mingine iliota, mingine ililiwa na mbuzi wetu wenyewe. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, kukuza ni kazi ya miaka mitano. Kwa hiyo tawi letu limegawana mti kwa mtu. Kila mwanachama ana miche yake, ya grevilea na ya matunda, pembezoni mwa mashamba na kando ya mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Mti ukifa, mwenyewe anasimama mkutanoni aeleze. Tayari wawili wamesimama. Tulicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine.

Yule mzee wa ghalani aliyetuuliza habari ya redio naye amechukua miche mitatu. Juzi tulimkuta akiimwagia maji kwa kopo la rangi, jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba mbolea. Hatukumwambia neno. Yeye ndiye aliyeanza: "Mimi sitakaa kivulini mwake. Lakini yule atakayebeba gunia baada yangu naye ana kichwa kinachochomwa na jua."

Wafanyakazi wenzetu wa Muyinga, Karuzi na Gitega, jadilini jambo hili katika matawi yenu. Msingoje liletwe na mgeni mwenye gari jeupe. Hesabuni siku zenu mlizopoteza, ziandikeni, na mtuletee. Tukizijumlisha, tutakuwa na karatasi ya kuweka mezani, na asiyetaka kuisoma atalazimika angalau kuisogeza.

Umoja wetu ndio nguvu yetu, juani na mvuani.

Tawi la Kobero